Nyaya Tatu

Katika maghala ya viungo ya Muheza, pale iliki, karafuu na pilipili manga za Usambara Mashariki zinapokusanywa kabla ya kwenda bandarini, mizani ya kielektroniki imekuwa kitu cha kawaida: sahani ya chuma chini, mlingoti, na kisanduku cha namba nyekundu juu. Watu wanakitazama kisanduku kwa mbele. Nyuma kina tundu la pini tisa ambalo mara nyingi bado limefunikwa kwa kizibo cha plastiki kilichotoka nacho kiwandani. Hakuna anayelihitaji. Karani anasoma namba kwa macho, anaiandika kwenye daftari, makuli wanashusha gunia na kupandisha jingine. Lakini mizani nyingi za aina hiyo, zikishawashwa, hutoa uzito kupitia tundu lile mara kadhaa kwa kila sekunde, awepo wa kusikiliza au asiwepo.

Kazi ninayotaka kuisifu ni ya huyo msikilizaji. Anaandika skripti, yaani programu fupi, aghalabu kwa lugha ya Python, inayofungua poti ya siriali au ya USB, inapokea kinachosemwa na kifaa, inakielewa, na inakijibu inapobidi. Kifaa chenyewe kinaweza kuwa mizani, printa ya risiti, modemu, GPS ya mashua, kipimajoto cha maabara. Kazi hii haina jina linalotambulika mtaani. Kijana akisema anaandika programu, shangazi zake wanadhani anatengeneza tovuti au app ya simu, na akiwaeleza kwamba anasema na mizani wanamtazama kwa huruma. Tena ikifanyika vizuri haionekani kabisa. Namba sahihi inakuwa mahali pake, basi, na watu wanaendelea na shughuli zao.

Mwambao huu umezoea mambo yanayopita kwenye waya moja baada ya jingine. Mwaka 1879 kebo ya simu ya maandishi iliyotoka Aden ilifika Zanzibar kupitia chini ya bahari, ikaendelea Msumbiji hadi Durban. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kuelekea Usambara, ikafika Mombo mwaka 1905, na waya wa simu ukaandamana na reli stesheni kwa stesheni. Wakati huo Mfaransa Émile Baudot alikwisha kubuni msimbo wa biti tano kwa kila herufi, na hadi leo kasi ya mawasiliano ya siriali huhesabiwa kwa baudi, kwa heshima yake. Mwaka 1960 chama cha viwanda vya elektroniki cha Marekani kilitoa kanuni iitwayo RS-232, ili mashine za kuchapia ujumbe ziweze kuunganishwa na modemu za simu. Waliokaa mezani kuandika kanuni ile hawakuwa na habari za pilipili manga. Ila tundu lililo nyuma ya mizani ya Muheza linafuata kanuni hiyohiyo, na mtu akiielewa leo ameelewa kitu ambacho hakijabadilika sana tangu kabla ya Uhuru. Katika kompyuta vitu vya namna hiyo ni vichache mno.

Nyaya zinazohitajika ni tatu. Mmoja wa kusemea, mmoja wa kusikilizia, mmoja wa ardhi. Upande wa kompyuta pini ya 2 inasikia, ya 3 inasema, ya 5 ni ardhi, na fundi lazima ahakikishe mdomo wa huyu umeelekea sikio la yule, kwa sababu waya usipopishana pande zote mbili zitasema na hakuna itakayosikia. Waya ukiwa kimya hukaa kwenye volti hasi, kati ya 3 na 15. Kifaa kikitaka kusema, waya unaruka kwenda chanya kwa muda wa biti moja: hiyo ni biti ya kuanzia. Zinafuata biti nane za herufi yenyewe, ile ya thamani ndogo ikitangulia, kisha biti ya kumalizia, kisha kimya au herufi nyingine. Kwa kasi ya 9600 kila biti inadumu maikrosekunde 104, kwa hiyo herufi nzima inapita kwa kama milisekunde moja.

Kinachonivutia hapa ni kwamba pande hizi mbili hazina saa ya pamoja. Kila upande unahesabu wakati wake mwenyewe, na unaanza kuhesabu upya kila unapoiona biti ya kuanzia. Haziwezi kuachana mbali, maana hesabu inafutwa baada ya kila herufi. Ila lazima ziwe zimekubaliana mapema: kasi gani, biti saba au nane, kuna biti ya ukaguzi au hakuna, biti ya kumalizia moja au mbili. Makubaliano hayo hayapiti kwenye waya. Yako kwenye kitabu cha mashine, na kitabu kimepotea.

Basi fundi anakisia. Anaanza na 9600, biti nane, bila ukaguzi, kwa kuwa watengenezaji wengi wamelalia hapo. Kioo kikijaa alama zisizosomeka anashusha hadi 4800, au anapandisha hadi 19200. Mwanafunzi akiziona takataka zile huvunjika moyo. Fundi mzoefu anafurahi. Takataka maana yake waya ni mzima, kifaa kina uhai, na kilichobaki ni kupatana kasi. Kinachomtia wasiwasi ni kimya, kwa kuwa kimya kina sababu nyingi: waya umekatika, nyaya hazikupishanishwa, mashine inangoja kuulizwa kwanza, au mtumiaji hajaingizwa kwenye kundi la dialout katika Linux na mfumo umemkatalia poti. Hilo la mwisho limewala vijana wengi mchana mzima, na dawa yake ni amri moja.

Kasi ikipatikana, takataka zinageuka mstari. Kwa mizani za namna moja iliyoenea sana, mstari unakuwa hivi: ST,GS,+0048.6kg. Mwishoni kuna herufi mbili zisizoonekana za kufunga mstari. Kilo 48.6 kila mtu anaisoma. GS inasema huu ni uzito wa jumla, pamoja na gunia. Mizani ikiwa imeondolewa uzito wa chombo, mahali hapo pangeandikwa NT. Na ST inasema mizani imetulia. Gunia likiwa ndiyo kwanza limetupwa juu ya sahani, mstari ule ule unaanza na US, yaani bado inayumba, msiamini namba hii.

Herufi hizo mbili zinastahili kutazamwa vizuri. Siku ya mnada foleni ni ndefu, jua kali, mnunuzi ana haraka ya gari. Gunia linatua, namba zinaruka 47, 51, 48, 49, na karani anachukua ile aliyoiona macho yake yalipofika. Pengine hana nia mbaya hata chembe. Lakini mizani yenyewe ilikuwa ikisema kwa uwazi, mara kadhaa kwa sekunde, kwamba haijatulia. Kwenye kisanduku huwa kuna kitaa kidogo kinachowaka ikitulia, nacho hakuna anayekijali. Skripti haina haraka. Inautupa kila mstari wa US, inangoja ST, inangoja tena ST kadhaa zenye namba ileile mfululizo, ndipo inapokubali. Kwa saa ya ukutani subira hiyo haifiki sekunde mbili.

Kupima ni ugomvi wa siku nyingi nchini kwetu. Wakala wa Vipimo wamehangaika miaka na miaka na lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu likahesabiwa kuwa gunia moja, na kila mkulima wa mboga wa Lushoto anajua kilemba kile kinatoka mfukoni mwa nani. Kwenye mkonge pia, zao lililoujenga mji wa Tanga baada ya Mjerumani Richard Hindorf kuleta miche ya kwanza mwaka 1893, kila kitu kilikuwa hesabu: majani kwa mzigo, mizigo kwa siku, singa zilizotoka korona, mashine ya kuchambua majani, zikakaushwa, zikapigwa brashi, zikashindiliwa kuwa marobota ya kilo 250. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa tani zaidi ya 230,000 za mkonge. Jaribu kufikiri ni makarani wangapi waliinamia madaftari mangapi. Mwandishi Shaaban Robert mwenyewe, mzaliwa wa Vibambani nje kidogo ya mji huu, alikula mshahara wa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944. Nikisoma nathari yake, jinsi kila neno lilivyohesabiwa, huwa najiambia ukarani haukumharibia kitu.

Ugomvi wa kupima ni wa watu kabla ya kuwa wa vifaa, ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kompyuta ikiingia ghalani dhuluma inakwisha. Skripti inaweza kuiba kuliko karani. Mstari mmoja wa kupunguza nusu kilo kwa kila gunia ni kazi ya dakika, na hautachoka wala hautaona haya. Uaminifu wa kazi hii uko kwenye desturi moja ambayo mafundi wazuri wanaishika: mstari wa mashine unahifadhiwa kama ulivyosemwa, herufi kwa herufi, pamoja na saa uliyofika, kwenye faili lake peke yake, kabla ya skripti kuugusa. Namba iliyochambuliwa inakaa faili jingine. Likizuka shauri, mtu yeyote, hata asiyejua Python, anaweza kufungua faili la kwanza akakuta ST,GS,+0048.6kg na kulinganisha. Mwenye kazi hii ni mjumbe. Kuongeza si juu yake, kupunguza si juu yake, na akihisi mashine imekosea anaandika pembeni kwamba amehisi hivyo, neno la mashine analiacha.

Pwani ina mambo yake. Upepo wa chumvi unakula shaba. Pini zinaota ukijani, na poti iliyokuwa ikisema vizuri msimu wa kusi inaanza kurukaruka herufi. Fundi wa hapa hubeba brashi ya meno na spiriti kama anavyobeba laptop, na anafunga zile skrubu mbili za pembeni za kiunganishi ambazo fundi wa bara huziacha. Umeme nao hukatika. Skripti iliyoandikwa kwa kuamini kwamba poti ikishafunguliwa imefunguliwa milele haifiki Ijumaa. Inayodumu imeandikwa kwa kutarajia mabaya: kifaa kikipotea inakubali kwamba kimepotea, inangoja, inajaribu tena, na kila mstari inaoupokea inaulazimisha ushuke kwenye diski saa ileile badala ya kuuacha ukingoja kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Nusu ya skripti nzuri za aina hii ni maandalizi ya siku mbaya. Kuzisoma si raha, na wanaojivunia programu fupi za kupendeza watazikunjia uso. Wazikunjie.

USB ni tabia nyingine. Ilitoka mwaka 1996, na jina linalotajwa sana katika kuasisiwa kwake ni Ajay Bhatt, mhandisi wa Intel mzaliwa wa Vadodara, India. Kwenye siriali kila upande unaweza kusema utakapo. Kwenye USB kifaa hakifungui mdomo bila kuulizwa. Kompyuta ndiyo inayouliza, kila mara, hata mara elfu kwa sekunde. Kifaa kikichomekwa kinachoweza kufanya ni kuuvuta waya mmoja juu kwa kipingamizi kidogo, ishara kwamba kipo. Kompyuta inakianzisha upya, inakipa anwani, kisha inakitaka wasifu wake. Kinajibu kwa baiti 18: mimi ni wa toleo hili, mtengenezaji wangu namba fulani, mimi mwenyewe namba fulani. Andika lsusb kwenye Linux uone: 0403:6001 ni chipu ya FTDI ya kugeuza USB kuwa siriali, 067b:2303 ni ya Prolific, 1a86:7523 ni ile CH340 ya bei chee iliyojaa kwenye adapta za madukani. Kwa kuwa kompyuta nyingi za leo hazina tena tundu la pini tisa, vigeuzi hivi ndivyo vinavyoifikisha mizani kwenye laptop.

Hapo ndipo penye usumbufu mmoja wa majina. Kifaa cha kwanza kuchomekwa Linux inakiita ttyUSB0, cha pili ttyUSB1. Ukivichomoa na kuvirudisha kwa mpangilio mwingine, mizani inaweza kuwa imechukua jina la printa, na skripti inaanza kuuliza printa uzito wa gunia. Mtu wa Tanga hilo linamkera zaidi kwa sababu kwenye mtaa wa Ngamiani amezoea barabara zenye namba zisizohama: barabara ya nane ni ya nane jana, leo na Idi. Kwa bahati Linux ina njia ya kukiita kifaa kwa wasifu wake badala ya zamu yake, chini ya folda ya /dev/serial/by-id, na ni vizuri kila fundi alizoee jina hilo refu kuanzia siku ya kwanza.

Nimezitaja chipu za bei chee, na kuna kisa chake. Chipu nyingi zinazouzwa kwa jina la FTDI, kampuni ya Glasgow, ni za kughushi. Oktoba 2014 draiva mpya ya kampuni hiyo ilifika kwenye Windows kwa njia ya masasisho ya kawaida, na ilipokutana na chipu bandia iliibadilisha namba yake ya utambulisho kuwa 0000. Tangu hapo kompyuta haikuitambua tena. Kelele zikawa nyingi, kampuni ikaiondoa draiva ile. Upande wa Linux waliongeza namba 0000 kwenye orodha ya vifaa vinavyokubaliwa, vikarudi kazini. Sitetei kughushi. Ila aliyenunua adapta dukani hakuwa na njia ya kujua kilichomo ndani, na mtu aliye Glasgow aliweza kunyamazisha kifaa cha mtu asiyemjua. Waliokuwa wanajua kusema na vifaa vyao walivirudishia namba zake za zamani kwa programu ndogo, wengine walivitupa.

Printa za risiti nitazipitia haraka, maana tangu Mamlaka ya Mapato, TRA, walete mashine za risiti za kielektroniki, EFD, mwaka 2010 karatasi ile inayochapwa kwa joto imekuwa ya kila siku. Nyingi za madukani zinafuata lugha iliyoanzishwa na Epson. Ukizitumia baiti 27 na 64 zinasahau yote na kuanza upya. 29 na 86, na namba moja nyuma yake, zinakata karatasi. Skena ya msimbo wa mistari ni rahisi kuliko zote: inajitambulisha kuwa kibodi, na inaandika namba kwa kasi ambayo hakuna mpiga chapa angeifikia.

GPS ina raha yake. Kifaa kidogo cha mashua, cha kanuni ya NMEA 0183, hutuma sentensi kwa kasi ya 4800 bila kuombwa. Ukiwa bandarini Tanga sentensi moja inaweza kuanza hivi: $GPGLL,0504.10,S,03906.00,E. Mtu akiitazama anasema nyuzi 5.0410 kusini, 39.0600 mashariki, na anaiweka kwenye ramani. Ramani inampeleka kilomita kama tano kaskazini magharibi, nchi kavu, huko upande wa Amboni. Sababu ni kwamba tarakimu mbili za mwisho kabla ya nukta ni dakika, si desimali za nyuzi. 0504.10 ni nyuzi 5 na dakika 4.10, gawanya dakika kwa 60 upate 5.0683. Nahodha wa zamani asingekosea, maana dakika za latitudo ndizo maili zake za bahari. Kanuni hii iliandikwa na watu wa bahari kwa ajili ya watu wa bahari, na anayetoka kwenye kompyuta anapaswa kufuata adabu ya wenyeji. Kwenye mwisho wa sentensi kuna nyota na tarakimu mbili za ukaguzi, zinazotokana na herufi zote zilizo kati ya alama ya $ na nyota hiyo. Zisipolingana, sentensi imeharibika njiani na skripti inaiacha ipite, nyingine iko nyuma yake.

Modemu ndiyo inayonipendeza kuliko vyote. Zile modemu za USB za mitandao yetu, zinazoonekana kama flashi nene, zina ujanja wa ajabu kidogo: zikichomekwa zinajifanya CD yenye programu ya Windows, na mpaka ziambiwe zibadilike ndipo zinageuka kuwa modemu, tena zenye poti mbili tatu ambazo si zote zinazojibu. Ukishaipata poti yenyewe unaandika AT. Inajibu OK. Amri hizi zinatokana na modemu ya kampuni ya Dennis Hayes ya mwaka 1981, iliyokuwa ya simu za mezani, na bado simu ya mkononi ya leo ndani yake inazijua. AT+CSQ inaleta nguvu ya mtandao, kutoka 0 hadi 31, na 99 ikiwa haijulikani. AT+CMGF=1 inasema tutaandika kwa herufi za kawaida. AT+CMGS na namba ya simu inaleta alama ya mshale. Unaandika ujumbe, unafunga kwa herufi ya 26, unangoja. Kungoja ndiyo kazi. Anayetuma amri ya pili kabla ya OK ya kwanza atajibiwa ERROR, au hatajibiwa.

Mizani na modemu zikikaa kwenye kompyuta moja ndogo, mkulima anaweza kupata uzito wake kwenye simu kabla hajatoka kwenye uzio. Kenya wakulima wa chai wamekwisha kuzoea mizani za kielektroniki kwenye vituo vya KTDA, wakala wao wa chai. Ghalani kwetu, mzee mmoja kutoka milima ya Amani alisimama baada ya kupimiwa, simu yake ya vitufe ikalia, akamnyooshea karani.

"Shikamoo mzee," karani akasema, akaisoma. "Ni uzito wako, mzee. Kilo arobaini na nane nukta sita."

"Marahaba mwanangu. Nimesoma, macho ninayo. Nauliza, gunia lenyewe mmelitoa?"

Swali lile ndilo lilelile la GS na NT, limetoka kwa mtu asiyejua kama tundu la pini tisa lipo. Siku hiyohiyo ujumbe ukaongezwa mistari: jumla, gunia, bidhaa. Wakulima waliofuata walionyeshana ujumbe huo foleni nzima, na mmoja akadai gunia lake ni la katani jepesi, lisihesabiwe sawa na la mwenzake. Likapimwa peke yake. Alikuwa na haki.

Kuna faida nyingine ya kazi hii ambayo kwa mji kama Tanga naiona kubwa kuliko zote. Kwenye maabara, viwanda na karakana zetu kuna mashine nyingi zilizokuja na mradi. Ziliambatana na kompyuta moja na CD moja, wataalamu wakazifunga, na kwa hao msemo wa mji huu ni kweli tupu: waja leo waondoka leo. Kompyuta ikafa. CD haikubali Windows mpya. Mashine yenyewe haina hata mkwaruzo, lakini imewekwa kona imefunikwa kitambaa, na kwenye orodha ya mali imeandikwa mbovu. Mara nyingi kilichokufa ni upande mmoja tu wa mazungumzo. Nyuma kuna poti, na upande ule mwingine bado unangoja kuulizwa.

Kuufufua kunahitaji uvumilivu wa mpelelezi. Kitabu cha mashine kikipatikana, hata kurasa mbili, kazi ni nyepesi. Kisipopatikana fundi anatafuta kompyuta ya zamani ambayo bado inaiendesha CD ile, anaingilia waya katikati na kusikiliza pande zote mbili: programu imetuma nini, mashine imejibu nini, sekunde ngapi zimepita kati yake. Anaandika kila kitu. Polepole mpangilio unajitokeza. Akikuta baiti ya kwanza ni namba ndogo isiyobadilika, ya pili ni 3 au 4, na mbili za mwisho zinarukaruka, huenda amekutana na Modbus, lugha ya viwandani iliyotolewa na Modicon mwaka 1979, na nusu ya kazi imekwisha, maana Modbus maelezo yake yako wazi kwa yeyote. Ujuzi huu si wa mashine za kona tu: bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, lililosanifiwa kupashwa joto kwa kilomita 1,443 hadi Chongoleani hapa Tanga, lina vipimo vyake njiani na nyaya za kuvisikilizia. Vijana watakaoajiriwa huko wangefaidika wakianza kwa mizani ya ghalani.

Niliwahi kufungua kabati la mashine moja ya kupimia unyevu iliyokuwa imeandikwa mbovu, ndani ya mlango nikakuta karatasi iliyobandikwa kwa gundi, imeandikwa kwa penseli: 4800, 7, E, 1. Tuma D, subiri. Fundi aliyeiandika hakuweka jina wala tarehe. Alikuwa ameacha makubaliano yote ya waya ule kwa mstari mmoja na nusu. Nilituma D, ikajibu asilimia ya unyevu na herufi ya kumalizia mstari. Kila anayeshika kazi hii angefaa abandike karatasi kama ile, hata kama skripti yake ina maelezo mazuri ndani, kwa sababu skripti inakaa kwenye diski na diski inakufa kabla ya mlango wa chuma.

Baadhi ya mizani mpya zinazoingia sasa hazina tundu hata moja. Zina Bluetooth na app inayotaka barua pepe, na uzito wa gunia unasafiri kwanza hadi kwenye seva ya ng'ambo ndipo urudi kwenye simu ya mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwenye sahani. App ikifungwa kwa kukosa wateja, mizani inabaki na namba zake nyekundu, na daftari linarudi. Anayenunua, awe chama cha ushirika au mwenye ghala, ana haki ya kuuliza mambo mawili kabla ya bei: ina RS-232 au USB ya kutolea uzito, na uko wapi ukurasa unaoeleza mistari yake inavyopangwa. Wauzaji wengi watasema mashine inayo tu, ukurasa watautuma kwa WhatsApp. Usubiri ufike, uufungue, uhakikishe ni wa mizani hiyo na si wa ndugu yake, ndipo ulipe.